Sauti Iliyobaki Mboko

Redioni kwetu mjini Baraka, mtu wetu akifariki, sauti yake hatuirushi hewani mpaka matanga yaishe. Hakuna aliyetuandikia sheria hiyo, ni heshima tu. Mtangazaji wetu wa asubuhi alipofariki, fundi wa studio alizifuta rekodi zake kwenye kompyuta ya kurushia matangazo, asije mtu akazicheza kwa bahati mbaya. Wasiwasi hakuwa nao: nakala zilikuwa kwenye diski kubwa ya ofisini, ile inayounganisha kompyuta zetu zote.

Matanga yalipokwisha, binti wa marehemu alishuka kutoka Lubondja kuomba sauti ya mama yake. Fundi akafungua diski. Hamna kitu. Akafungua kompyuta yangu. Hamna. Ndipo akaelewa kwamba diski ile haikuwa ikitutunzia, ilikuwa ikituiga. Alichofuta pale studio, yenyewe ilikifuta kila mahali, kimyakimya. Mimi ni mwepesi wa hasira, lakini siku hiyo hasira haikuja. Nilikitazama kile kisanduku chenye taa moja ya kijani nikashikwa na woga wa kanisani. Miaka yote ya mtu, imefutwa na utii wa kufumba na kufumbua!

Binti hakulia. Aliuliza tu kama arudi mikono mitupu.

Nikamkumbuka mwenzetu, mwandishi wa redio kule Mboko. Kompyuta yake huungana na zetu akija Baraka tu, na mvua ilikuwa imemzuia tangu kabla ya msiba. Nikapiga simu, akapokea mkewe: mumewe ameisahau simu nyumbani, yuko njiani kwa pikipiki, kompyuta mgongoni. Mashine ile inaujua mtandao wetu; ikiwashwa tu ofisini, nayo ingezifuta rekodi kwa uaminifu uleule. Fundi aling'oa nyaya za mtandao, mimi nikaenda kusimama barabarani.

Alifika matope mpaka masikioni, nikampokonya begi kabla ya salamu. Alinitazama kana kwamba mimi ni mwendawazimu. Tuliiwasha kompyuta mezani, sote tumeinama. Rekodi zilikuwepo, zote. Nilisema asante Mungu kwa sauti, bila aibu, kisha nikabonyeza ya kwanza.

“Muliamuka, batoto yangu?” akauliza marehemu kwa salamu yake ya kila asubuhi hewani, mchangamfu, karibu kabisa.

Binti akainuka kwenye kiti, akashusha macho, kama anavyosimama mtoto mbele ya mzazi wake.

“Tuliamuka, mama,” akajibu.