Moto wa Mwezini na Shamba la Mkwe

Harufu ya shaba iliyosuguliwa kwa majivu na ndimu hunirudisha uani kwetu Morogoro, wakati wa Mjerumani, reli ilipokuwa imekwisha kutupita ikaenda zake bara. Shaba yenyewe ilikuwa darubini. Mama aliipata kwa Mgiriki mmoja, msimamizi wa kazi za reli, aliyekuwa akifunga mizigo kuhamia kambi ya mbele. Mgiriki alitaka mbuzi wawili. Mama alimletea beberu mmoja mzee, akamweleza kwa upole kwamba kwa ukaidi wake beberu yule alikuwa sawa na wawili. Garimoshi lilikuwa limeshapiga filimbi, Mgiriki akakubali. Mimi ndiye niliyeshika kamba ya yule beberu, na baada ya miaka yote hii ya kununua na kuuza sokoni, sijaona biashara iliyonifurahisha kama ile.

Majirani walicheka hadi wakachoka. Mwanamke ana binti wa kuozesha, mumewe yuko kwenye reli, naye ananunua bomba la kuchungulia! Ilikuwa kipupwe, masika yamekwisha, mbingu nyeupe na baridi inashuka kutoka mlimani na harufu ya majani mabichi. Kila jua lilipozama mama alipindua kinu, akaweka juu yake gunia la pumba, akaegemeza darubini, kisha akajilaza mkekani na kuutazama mwezi. Tulipewa zamu. Ule haukuwa mwezi niliouzoea. Ulikuwa na makovu, mabonde, na ukingo uliomeguka kama ugali uliokatwa na mtoto. Niliamini siku ile kwamba mama angeweza kupata chochote duniani, mradi aachwe azungumze na mwenye nacho.

Jioni moja mwezi ulikuwa nusu, na kwenye ile nusu ya giza, mbali kidogo na mpaka wa mwanga, palikuwa na cheche za moto. Nilizihesabu, tatu. Nikazihesabu tena, maana mtu hukubali hesabu ya kwanza kwa hasara yake, zikawa zile zile tatu.

Jioni hiyo hiyo Mzee Mwinjuma alifika kupanga siku ya harusi ya dada yangu Zuhura. Alikuwa mjomba wa bwana harusi, Salehe, na kwetu Waluguru mjomba ndiye mwenye neno. Baba anaweza kuongea mpaka koo likauke. Mjomba akitikisa kichwa, shughuli imekwisha. Aliishi juu mlimani, mahali ambapo kutoka uani kwetu palionekana kama kiraka cha mashamba kilichoshonwa chini ya msitu. Nikamwamkia, akaitikia, akala, akanawa, kisha macho yake yakaenda kwenye kinu.

“Hebu nami nione hicho kilichomla beberu,” alisema, akajilaza.

Alipoinuka, mzaha ulikuwa umemtoka.

“Mama Zuhura, mwezi unaungua.”

“Unaungua wapi, mkwe?”

“Kule gizani. Kuna moto, na aliyeuwasha simjui. Mimi simchukulii mtoto wangu mke chini ya mwezi wa namna hiyo. Tungoje.”

“Tungoje mpaka lini?”

“Mpaka uzimike.”

Jikoni mwiko wa Zuhura ulinyamaza. Salehe alikuwa ameshaandikishwa kazi ya reli, huko mbele walikokuwa wakiitandika. Akiondoka kabla ya harusi, nani angejua atarudi lini, au atarudi na nani? Mama alidhani mzee anatafuta nafuu ya mahari. Akamwambia polepole kwamba mbuzi wawili wangeweza kupungua. Mzee akakataa. Hapo ndipo nilipomwona mama akiogopa, kwa sababu mtu anayekataa kupunguziwa ana hofu ya kweli.

Hakubishana naye. Alirudi mkekani akaziba jicho moja. Sisi tukaosha vyombo, tukafunika makaa, yeye yuko pale pale. Aliniita nitazame. Cheche ya katikati, iliyokuwa kama punje ya mtama, sasa ilikuwa kama punje ya hindi, na mojawapo ya zile nyingine ilikuwa imeungana na mpaka wa mwanga.

“Umeona moto gani unaoenda hivi?” aliniuliza. “Hauruki, hautapakai. Unateremka tu.”

Aliketi, akaugeukia mlima uliokuwa mweusi nyuma ya nyumba. Akautazama, akaurudia mwezi, akautazama mlima tena. Kisha akacheka peke yake, akamwambia mgeni alale, ataamshwa alfajiri.

Alimwamsha kweli. Walipomaliza kuswali akamtoa uani, nami nikafuata nimejifunga kanga mbili kwa baridi. Giza lilikuwa bado halijaondoka; kuku walikuwa sauti tu. Lakini juu, chini ya msitu, kiraka kile cha mashamba kilikuwa kinawaka rangi ya kaa la moto.

“Mkwe!” mama alipiga kelele. “Shamba lako linaungua!”

Mzee Mwinjuma nusura aangushe birika. Akatazama, akashusha pumzi. “Aa, acha utani, mama. Lile ni jua.”

“Jua? Mbona mimi naona moto gizani?”

“Giza ni la kwenu huku bondeni. Sisi wa juu jua hutufikia kwanza. Nyinyi bado mnapapasa viatu, sisi tunaliota, kwa sababu mlima…”

Akatazama shamba lake, akatazama kinu, akatazama juu palipokuwa mwezi jana yake, ingawa ulikuwa umezama zamani.

“Kwa hiyo kule kuna milima,” alisema.

“Na asubuhi,” mama akamjibu.

Alisimama pale, birika mkononi, mpaka mwanga ulipoteremka mashambani, ukavuka mto, ukagusa paa letu. Ndipo akataja siku ya harusi. Ilikuwa kabla ya safari ya Salehe. Halafu, kwa kuwa naye hakuwa mjinga, akauliza habari za wale mbuzi wawili wa kupungua.

“Wale?” alisema mama. “Ile ilikuwa bei ya mwezi unaoungua.”

Darubini ilipotea wakati wa vita, na aliyeichukua hakuacha hata beberu. Mama naye ameshatangulia. Siku hizi mji una taa nyingi, zinawaka zote kwa mara moja na kuzimika kwa mara moja, nami sina ninachoweza kujifunza kwazo. Lakini ninapotoka gizani kwenda sokoni, bado nasimama uani na kutazama juu mlimani. Zuhura yuko kule, bibi mwenye wajukuu, na kila asubuhi hupata jua mapema kuliko mimi, kwa kiasi cha mtu kunywa chai yake bila haraka. Nimemwambia mara nyingi kwamba kwa haki ya udugu angenigawia nusu. Hujibu kwa sauti ya mama kabisa: anayetaka jua la huku apande mlima.