Siku Tulipomnyoa Mtoto Mama Yake Akiwa Kazini

Tulikuwa watu sita pale kwangu Kajiado. Mimi; dada yangu mkubwa; mke mwenzangu; shemeji yangu, ndiye aliyechinja kondoo; jirani tuliyebatizwa naye siku moja; na mjukuu wangu wa miaka miwili. Majina yao ninayo yote kichwani, lakini siyaandiki. Aliyekosekana ni binti yangu, mama ya mtoto.

Yeye hufanya kazi Kitengela, kwa shamba la maua. Mtoto nilikuwa naye mimi, na mama yake alikuwa akimwona Jumapili, akiachiliwa. Sasa kwetu, nywele za kwanza za mtoto hunyolewa akiwa amepakatwa na mama yake, na mama pia hunyolewa siku hiyo. Tulikuwa tumeahirisha mara mbili. Mwezi wa pili maua yanatakiwa sana, ruhusa hakuna.

Mara ya tatu akapiga simu asubuhi, akaniita mama kwa Kimaasai. "Yeyo, leo tunatoka saa sita. Mningoje."

Tukangoja. Nyama ikaiva, ikaanza kupoa. Shemeji akasema, "Kwani huyu mtoto ni wa maua? Nyoeni, wengine tuko na ng'ombe." Dada yangu akacheka. Ningeweza kusema tungoje kidogo. Badala yake nilimpakata mtoto mimi mwenyewe na, niseme ukweli, nilifurahi. Mke mwenzangu akalowesha kile kichwa kwa maji na maziwa, akashika wembe.

Binti yangu aliingia bado amevaa aproni ya kazi. Akaangalia kichwa cha mtoto.

"Nani alimpakata?"

"Ni mimi."

"Sawa." Akavua kitambaa cha kichwa, akakaa chini. "Basi ninyoe na mimi."

Nikamnyoa. Nywele zake zilinuka dawa ya maua. Mtoto akaja, akagusa kile kichwa kitupu cha mama yake, akaogopa, akanikimbilia. "Yeyo!"

Sikuwa nimemfundisha kuniita mama. Lakini sikuwa nimemkataza.

"Mwambie mimi ni nani," binti yangu akasema.

Nikamwambia. Mtoto akaficha uso kwa shuka yangu.

Mimi nakumbuka tulishika wembe saa nane. Dada yangu anasema hata saa saba haikuwa imefika. Mliokuwepo, kama nimekosea nirekebisheni. Na wewe binti yangu, kama tulipoanza kunyoa ulikuwa ndio unatoka kazini, niambie tu.