Lango la Dhulumani

Watu husema marehemu hasemwi vibaya. Huyu nitamsema.

Tulimwita Ledi kwa sababu ndivyo alivyotaka. Memsahibu walikuwa wengi njia nzima ya Solai, lakini yeye baba yake alikuwa lodi huko Uingereza, na aliyesahau alikumbushwa kwa kiboko. Sifa yake nampa: hakuwa mvivu wala mwoga. Alifika mjane, akaambiwa mteremko wa shamba lake ni mawe matupu. Alivuta mfereji kutoka msituni, akapanda mijakaranda na waridi, na wageni wakawa wanatoka Nairobi kuja kutazama bonde kutoka barazani kwake.

Katika mawe aliyong'oa, mawili yalikuwa yetu.

Baba alikuwa mpishi wake na mama dobi, watu wa pwani, Waislamu peke yetu shambani pale. Ndugu yangu mchanga alipofariki, Ledi mwenyewe alisema azikwe mteremkoni. Mama akaweka jiwe kichwani na jiwe miguuni. Kisha serikali ikatangaza hali ya hatari kwa ajili ya uasi wa Wakikuyu. Ledi akawafukuza vibarua wa Kikuyu, akaleta trekta, akalima vibanda vyao na kaburi letu pamoja. Mama aliyakuta mawe yale yamepangwa kuzunguka waridi. Alipouliza, Ledi alimjibu, "Mawe ni mawe. Wewe piga pasi."

Mama akapiga pasi. Mimi nilitamani amuunguze nayo.

Haukupita muda, Ledi akataka shamba lipate jina la Kiswahili, lichongwe langoni. Kiswahili chake kilikuwa cha kuamrisha tu: moto, maji, farasi, haraka. Akamwita mama.

"Wewe mtu ya pwani. Leta jina mzuri. Jina kubwa."

Mama alimaliza kwanza kukunja shuka. "Dhulumani."

"Maana gani?"

"Mahali ambapo Mungu hapapi kisogo, Ledi."

Hakusema uongo. Dua ya aliyedhulumiwa haina pazia. Ledi alilipenda jina, akalichongesha kwenye jiwe la lango kwa herufi kubwa. Vibarua waliobaki, waliojua kusoma waliwasomea wasiojua, na watu wakawa wanapita njia ile hata wasipokuwa na safari. Utamu wa siku zile sijauonja tena. Kila alipopita langoni juu ya farasi wake, kidevu juu, nilisema moyoni: pita, Ledi, pita kwako.

Aliyetuharibia ni bwana DC mpya, ambaye aliwahi kukaa Lamu. Alialikwa chai, akasoma lango, akamweleza.

Ledi alikuja chumba cha kufulia na kiboko mkononi. "Wewe natukana mimi! Toa jina ingine sasa hivi, ama wewe naenda jela."

Jela wakati ule haikuwa mzaha, walioingia hatukuwaona tena. Baba akamsihi mama kwa sauti ya chini, "Mke wangu, mpe jina lingine, yaishe."

Mama akajifuta povu mikononi, akavaa buibui lake, akatangulia hadi bustanini. Akasimama.

"Nionyeshe mwanangu amelala wapi. Ukinionyesha, nitakupa jina zuri kuliko yote ya pwani."

Ledi aliinua kiboko kuelekea waridi. Akakishusha. Akakielekeza kwenye mjakaranda, akageuka akatazama ukingo wa mfereji. Mteremko ule aliutengeneza mwenyewe, kila mti aliujua. Nilimkazia macho, nikamwomba Mungu Ledi asipajue, maana angepajua, mama angelazimika kutimiza ahadi.

Hakupajua. Jela pia hakutupeleka, sijui kwa nini, na sitamshukuru. Alitufukuza tu, tukahamia Nakuru mjini.

Tulisikia huko kwamba alitafuta jina jipya miaka mingi. Lakini kila mtu ambaye Ledi alimuuliza, kutoka Solai hadi Subukia, alimjibu kwa adabu kuwa yeye hajui Kiswahili.