Ufagio wa Mama Hisako

Rosalie alikuwa na mimba ya miezi saba, na mbili za kabla yake zilikuwa zimetoka. Kila maumivu kidogo ya mgongo yalimtia hofu. Alifanya usafi katika nyumba za watu mtaa wa Balsall Heath, huko ughaibuni, na aliyempenda kuliko wote ni Mama Hisako, mjane wa Kijapani ambaye kila mara alimlazimisha anywe chai kabla ya kuanza kazi.

Jumanne moja Mama Hisako alimpokea mlangoni na ufagio mpya. Bila kusema neno, akaupitisha juu ya tumbo la Rosalie, polepole, kutoka juu kwenda chini.

Rosalie alipiga kelele, akatoka mbio bila hata mkoba wake.

"Amenigusa na ufagio ku tumbo, Omer!" alimwambia mumewe walipoonana nyumbani kwao, mtaa wa Perry Barr. "Kwetu Bukavu ni mkosi. Huyu mtoto naye ataenda."

Omer alimwacha alie. Kisha akasema, "Twende tuchukue mkoba. Na tumuulize yeye mwenyewe."

Mama Hisako alifungua mlango, macho yamevimba. Aliinama mbele yao mpaka Omer akaona haya.

"Nisamehe, mwanangu," alimwambia Rosalie. "Ilinipasa nikueleze kwanza. Kwetu ufagio una mungu wake, Hahakigami. Hata Wajapani wengi hawamjui siku hizi. Anafagia mabaya yatoke nje, na mtoto akifika wakati wake, anamfungulia njia. Mama yangu alinipitishia ufagio mpya hivyohivyo, nikajifungua salama."

"Kumbe ulikuwa unaniombea?"

"Nilikuwa nakuombea."

Rosalie aliketi ngazini. "Mama, mimi namwomba Yesu."

"Mwombe sana. Mimi nilitaka tu msiachwe peke yenu."

Rosalie akaanza kucheka, na kicheko kikageuka machozi, lakini sasa yalikuwa mepesi. Mama Hisako akawatengenezea wali na samaki, wakala jikoni wote watatu. Omer aliongeza sahani ya pili.

Miezi miwili baadaye mtoto alizaliwa, mchana, wa kike, mzito, akilia kwa sauti iliyomfanya mkunga atabasamu. Rosalie alimsikiliza akilia, hakumnyamazisha. Alitaka kuisikia sauti hiyo kwanza.

"Mpigie Mama Hisako," alimwambia Omer. "Mwambie tuko wazima."