Vioo vya Upande wa Bustani

"Baba mdogo, mbona ndege wako wote wamekufa, na wa wenzangu wako hai?"

Nilikuwa na miaka tisa nilipomuuliza hivyo. Mwalimu wetu alitupa karatasi yenye mistari: ndege uliyemwona, mahali, tarehe, alikuwa akifanya nini. Kila msimu wa baridi mji wetu hupata ndege wageni. Huja kula matunda madogo mekundu ya miti ya bustani, kisha huondoka joto likirudi, na sisi tulitakiwa kuwaandika kwa wiki sita. Wenzangu waliandika kunguru wa juu ya paa, njiwa wa kituoni, shomoro wa jikoni. Mimi niliandika ndege wenye vifua vya manjano, ndege wenye mstari mweupe juu ya jicho, na mmoja mdogo kama kidole gumba, mwenye utosi wa rangi ya moto. Niliwachora mpaka kucha za miguu. Pale pa "alikuwa akifanya nini" nilijaza "amelala", kwa sababu aliyeniletea alikuwa baba mdogo, na aliwatoa mfukoni mwa koti.

Yeye alisafisha vioo vya jengo la ofisi la ghorofa kumi na mbili. Niliishi kwake tangu baba yangu afariki: yeye, mama mdogo, mimi na watoto wao watatu, vyumba viwili. Watu sita tulikula kwa bega lake moja.

Alinijibu bila kuinua uso kwenye kikombe. "Ni baridi, mwanangu. Wenzako wanawaona wale waliovaa sweta."

Tulicheka mezani, ila mama mdogo. Nilidhani amechoka.

Ngoja niseme alivyofanya kazi, maana siku za likizo alinichukua nikamwona. Jukwaa la mbao linashushwa kutoka paani kwa kamba mbili. Anapaka povu kwa brashi pana, halafu anachukua mpini wenye ukingo wa mpira na kuuvuta kuanzia juu, ukienda kwa kujipinda kama nyoka bila kuinuliwa, hata tone lisibaki. Kona anamalizia kwa kipande cha shati kuukuu, kwa kuwa kitambaa kipya huacha nyuzi. Kisha anarudi nyuma hatua moja, na nyuma yake ni hewa tupu, anakitazama kioo kwa ubavu. Alisema kioo kilichosafishwa sawasawa hakionekani. Unachoona ni miti ya bustani na mawingu, basi. Bwana mmoja wa ghorofa ya nne aliwahi kujigonga paji la uso akidhani dirisha liko wazi. Hadithi hiyo baba mdogo alimsimulia kila mgeni, kama wengine wanavyosimulia vita.

Upande wa pili wa jengo, unaotazama maegesho ya magari, ulikuwa wa mwenzake aliyeitwa Konokono. Jina lilitokana na mwendo wake, lakini na vioo vyake vilikuwa na michirizi ya konokono kweli.

Yaliyobaki nimeyajua mwaka huu, nikiwa na miaka kumi na sita. Konokono alikuja kumjulia hali baba mdogo, ambaye bega lake la kulia halipandi tena na kazi ameiacha. Nilimsindikiza mgeni mpaka kituoni. Njiani akaniuliza kama bado nachora ndege. Nikasema ndiyo. Akasema basi hakuna aliyeniambia.

Kwa miaka yote, upande wake hakuanguka ndege hata mmoja. Wote walianguka upande wa bustani, chini ya vioo vya baba mdogo. Waliiona miti ndani ya kioo, wakaifuata. Baba mdogo alikuwa akifika saa kumi na mbili asubuhi kuwaokota kabla wenye ofisi hawajaja, walinzi wakimtania kwamba anatafuta mboga, na yeye mwenyewe akiamini kweli kwamba ni baridi. Aligundua mwaka ule ule wa karatasi yangu. Aliugua kifua, akalala wiki mbili, vioo vikashika vumbi. Aliporudi mlinzi akamwambia, "Mzee, tangu uugue, na ndege wako nao wamesusa." Baba mdogo hakucheka. Alikwenda kutazama chini ya ukuta, akasimama pale mpaka saa ya chai.

Siku tisa alipaka povu na kuliacha likauke kwenye vioo. Siku tisa hakuokota kitu. Siku ya kumi msimamizi akamwita. Baba mdogo akaeleza, akaomba upande ule uachwe hivyo mpaka baridi iishe. Msimamizi hakupiga kelele, wala hakutukana.

"Vioo au lango, chagua," alisema. "Mwenzako naweza kumpa pande zote mbili."

Baba mdogo alipanda juu saa ile ile. Konokono anasema hajapata kuona vioo vikisafishwa vile. Ungedhani mtu anagombana na mtu. Asubuhi yake waliokota kumi na wanne. Wakawatia kwenye ndoo. Mmoja, mwenye utosi wa rangi ya moto, baba mdogo alimpangusa umande kwa kipande cha shati, akamtia mfukoni.

Nikamwambia Konokono kwamba aliyeletewa ndege huyo ni mimi.

"Ulipata alama ngapi?" akauliza.

Nilipata zote.

Baada ya hapo baba mdogo alisafisha misimu mingine mitano. Ndipo nilipokumbuka kwamba hadithi ya bwana wa ghorofa ya nne sikuisikia tena tangu mwaka ule.

Nilimkuta nyumbani kwenye kiti chake karibu na dirisha. Dirisha letu ndilo chafu kuliko yote mtaani. Majirani husema mganga hajigangi, naye huwaacha waseme. Nje, kwenye waya wa kuanikia nguo, alikuwapo ndege mmoja mwenye kifua cha manjano, yuko hai, anatikisa mkia. Nilitaka kumwona vizuri nikachukua kitambaa. Baba mdogo akanishika kwa mkono wake mzima.

"Acha."

Nikaketi. Sikumwambia niliyoyasikia. Nilimuuliza tena swali langu la zamani, kwa maneno yale yale.

Safari hii hakutaja sweta. Aliutazama mkono wake wa kulia, uliolala mapajani kama kitu cha mtu mwingine.

"Kwa sababu kazi niliijua, mwanangu."