Mwavuli wangu wa uwakala ulivyomponza mdogo wangu kwenye mashindano ya gofu

Wakuu, habari za Jumapili. Masikio yananiwasha ninapoandika haya, mtaelewa mbele ya safari. Ni kweli tupu. Asiyeamini aje Kariakoo auone mwavuli wenyewe, mguu wake bado una nyasi.

Mimi ni graduate wa takwimu. Kwa sasa ofisi yangu ni meza ya uwakala wa pesa za simu, chini ya mwavuli wa njano mkubwa kama paa la banda.

Mdogo wangu Zuhura ana miaka kumi na tatu na ana ualbino. Kuna mradi ulipeleka gofu shuleni kwao. Wenzake wengi walichoka baada ya wiki mbili, yeye akanogewa.

Daktari wa ngozi alimruhusu kwa masharti. Mikono mirefu, pama la kufunika masikio na shingo badala ya kepu, sunscreen kabla ya kutoka na tena kila baada ya saa mbili, na kivuli kila kinapopatikana. Alitueleza kwamba kuungua jua mara kwa mara utotoni ndiko kunakoandaa kansa ya ngozi ya ukubwani.

Mama anakaanga samaki soko la Feri, hana maneno mengi. Jana asubuhi alimshika Zuhura kidevu, lakini akaniangalia mimi.

"Akirudi mwekundu, hata shingo tu, gofu basi."

Basi, mimi ndiye kedi, yaani mbeba fimbo wake. Mashindano ya watoto, mashimo tisa, kuanza saa nne asubuhi. Wanne wa kwanza wanaingia timu ya vijana. Nikapiga hesabu ya jua, miti na mawingu. Nikapiga tena. Kivuli hakikutosha.

Nikafunga meza, nikang'oa mwavuli.

Kuingia tu uwanjani, mzee mmoja mwenye viatu vyeupe akanijia mbio.

"Kijana, una float? Nataka kuweka pesa kwenye simu."

"Shikamoo mzee. Leo natoa kivuli tu."

Mashimo mawili ya kwanza yalienda vizuri ajabu. Zuhura akipiga mipira mirefu nilirudi nyuma, maana angenivunja mbavu. Shimo la tatu mpira ulikuwa karibu kabisa na kikombe, yaani tundu lenyewe, pigo la kusukuma taratibu, nikaona hakuna sababu ya kuondoka. Nikasimama namfunika. Akaingiza. Nikashangilia.

Refa, mama mmoja wa makamo, akainua mkono.

"Kedi, umemfunika wakati anapiga?"

"Shikamoo mama. Ndiyo, unajua ngozi yake..."

"Marahaba. Mapigo mawili ya adhabu."

Kumbe unaruhusiwa kumkinga mchezaji kabla ya pigo. Akianza kupiga, lazima utoke. Na kwenye gofu mwenye mapigo machache ndiye mshindi, kwa hiyo nilikuwa nimemzawadia mdogo wangu mapigo mawili ya hasara. Nilitamani ardhi ipasuke inimeze na mwavuli wangu.

"Bro," Zuhura akasema, "miaka mitatu chuo. Kanuni hukusoma?"

Kuanzia hapo kila akitaka kupiga nilikuwa naruka pembeni kama niliyekanyaga siafu, nahesabu sekunde anazokaa juani, kisha narudi mbio. Saa sita kasoro tukapaka sunscreen upya. Wazazi wa wenzake wakaanza kutuomba na wao.

Shimo la mwisho, mpira ukiwa tayari karibu na kikombe, kocha wa shuleni kwao akaninong'oneza: akiingiza kwa pigo moja ni wa nne. Asipoingiza, wa tano.

Nikamsogezea mwavuli karibu zaidi.

Zuhura akachuchumaa, anasoma mteremko. Hana haraka hata kidogo. Nikaruka pembeni, nikaanza kuhesabu. Ishirini na sita, ishirini na saba...

"Kaka, kuhesabu kwako kunasikika."

"Pama limeinuka nyuma, Zuu! Shingo!"

"Lete huo mwavuli."

"Watakuongezea mawili mengine!"

Akamgeukia refa. "Mama, nikiushika mwenyewe?"

"Ukiushika mwenyewe ni halali."

Wakuu, mtoto akaegemeza mguu wa mwavuli begani, mkono mmoja huko, mkono mwingine fimbo. Akasukuma. Mpira ukatambaa, ukafika ukingoni, ukasimama kama unabisha hodi.

Ukatumbukia.

Sikumbuki vizuri kilichofuata. Naambiwa nilimkumbatia mzee wa float.

Nyumbani kwetu, mtaa wa Gerezani, mama alimgeuza Zuhura upande wa dirisha. Akakagua shingo, nyuma ya masikio, migongo ya mikono.

Hakukuta kitu.

Kisha akaniona mimi, niliyekaa nje ya mwavuli muda wote bila kofia wala sunscreen. Masikio yameiva, pua inaanza kubabuka.

"Na wewe nani kakukaanga?"

Zuhura alicheka mpaka akakaa sakafuni. Mama akachukua ile sunscreen, akaanza kunipaka puani bila huruma.

"Jumamosi ijayo," akasema, "mtavaa kofia wote wawili."

Jumamosi ijayo! Nilitaka kumbusu, nikaogopa kumchafua na sunscreen.

Nilichojifunza: nilihesabu jua kwa sekunde, nikasahau kwamba mtoto ana mikono. Mfundisheni ajikinge mwenyewe, halafu na nyie mjikinge, weusi wa ngozi si mwavuli.

Swali langu kwenu: Kariakoo wanauza wapi mwavuli mkubwa lakini mwepesi? Bega la mwanatimu wetu linauma. Na wenye watoto wanaocheza juani, nyie mnafanyaje? Karibuni, hata wa kunicheka.