Mimi Ni Kipa, Mama Mdogo

Dada yangu alifariki mtoto wake akiwa hajaanza kutembea, nami nikamlea nyumbani kwa mama yetu, Kibondo, nilikokuwa nafundisha shule ya msingi. Baba wa mtoto alikuwa Mrundi aliyekaa miaka mingi katika kambi ya Mtabila, kisha akapelekwa Kanada pamoja na wakimbizi wenzake. Mwaka 2012, binti alipokuwa na miaka tisa, shemeji akapiga simu kwamba vibali vya mtoto vimetoka, anamtaka.

Mimi nilikuwa mchumba wa mtu, harusi imekaribia. Nikamjibu, "Sawa, shemeji. Damu ni yako." Sikuomba hata usiku mmoja wa kufikiri. Watu walinisifu kwa moyo mkubwa. Hawakujua kwamba kabla huzuni haijanifika nilisikia wepesi, kama mtu aliyetuliwa tita la kuni kichwani.

Baada ya harusi nikahamia Kitanga, upande wa Kasulu, kwa mume wangu. Binti alikuwa akipiga Jumapili, kwao asubuhi, kwetu jua linaelekea kuzama. Mwaka wa kwanza alikuwa analia tu. Baridi, lugha, watoto wanaocheka anavyotamka maneno. Halafu Jumapili moja sauti ikaja kavu, haina machozi.

"Mama mdogo, wamenipa gongo."

"Gongo!" Nilishtuka. Kwetu gongo ni pombe, tena ile ya kujificha na polisi.

"Si pombe! Gongo la kuchezea mpira. Tunacheza juu ya barafu."

Akanieleza huku anacheka. Uwanja mzima ni maji yaliyoganda. Wanavaa viatu vyenye chuma chini kama kisu. Mpira wenyewe si mpira, ni kitu cheusi, bapa, kama kifuniko cha dumu. Vifaa wanaazimwa na shule. Sikuelewa nusu yake, lakini ile furaha niliielewa.

Shemeji hakutaka. "Mchezo wa fujo ule. Atavunjika meno, na ni msichana. Mwambie wewe, wewe anakusikia."

"Mwache acheze, shemeji," nikasema. "Mtoto nilikupa bila neno. Nipe hili moja."

Akakubali. Yeye mwenyewe alikuwa anafanya kazi kiwanda cha nyama, zamu za Jumamosi, siku ile ile ya mechi, kwa hiyo binti alikuwa anapelekwa na mama wa mchezaji mwenzake. Huyo mama ndiye aliyekuwa akirekodi mechi, shemeji ananitumia video kwa barua pepe. Simu yangu ilikuwa ya tochi. Ili nione, ilinibidi niende Kasulu mjini, kwa mama mmoja mwenye duka la steshenari na kompyuta.

Jumamosi ya kwanza nilikwenda kuona mechi ya wiki iliyotangulia, nikakuta umeme umekatika. Nikasubiri mpaka gari la kurudi likaanza kupiga honi, nikanunua samaki aina ya migebuka, nikapanda. Kesho yake simu ikaita.

"Umeniona?"

Ningeweza kusema umeme. Kila mtu Kasulu angenielewa. Lakini nilisikia alivyoshika pumzi, nikasema, "Nimekuona, mwanangu! Umefunga bao zuri, nimepiga vigelegele mpaka watu wakageuka."

"Mama mdogo, mimi ni kipa."

Nikahamishia simu sikio la pili.

"Labda umenichanganya na mwingine," akasema taratibu. "Tunafanana, sote tumefunikwa nyuso."

Mtoto ndiye aliyenitafutia mlango wa kutokea, na hilo liliniuma kuliko kama angenikaripia. Jumapili zilizofuata alizungumzia chakula, kanisa, hesabu za darasani. Nikimuuliza habari za barafu anasema, "Tunacheza tu."

Nilirudi Kasulu. Safari hii umeme ulikuwepo, ingawa video ilichukua muda mrefu kufunguka. Nilimtambua mara moja golini, amevimba kwa nguo na wavu mbele ya uso, kama mrina asali wa Kibondo. Alifungwa mabao manne. La tatu lilimpita katikati ya miguu. Aligonga mwamba kwa gongo lake, akainama tena, akangoja. Mguu wa kushoto anautanguliza kidogo, kama marehemu mama yake akitaka kukimbia.

Mechi ilipokwisha watoto waliteleza hadi pembeni, na wazazi wakainama kuwafungua helmeti na kamba za viatu. Mama mmoja mwenye skafu nyekundu, mzazi wa mchezaji mwingine, alimfungua binti yangu, akampangusa jasho kwa kiganja.

"Yule ndiye mama yake?" akauliza mwenye duka.

"Hapana."

"Mama yake yuko wapi?"

"Naomba urudishe nyuma kidogo," nikamwambia.

Jumapili sikungoja aulize. "Nimekuona. Bao la tatu limekupita katikati ya miguu."

Alicheka hadi akakohoa. "Yule namba kumi na moja! Ananionea kila siku!"

Nikamwambia na lile jingine, kwamba siku ile umeme ulikatika nami nikamdanganya.

"Nilijua," akasema.

"Mbona hukusema?"

"Niliogopa ungeacha kuniuliza."

Tangu hapo, msimu wao wa barafu ukifika, nilikwenda Kasulu kila nilipopata nauli, hadi mwaka 2015. Alizidi kuwa hodari. Mwaka huo aliniambia kwamba viatu anajifunga mwenyewe sasa. Kamba zake zinataka nguvu, wenzake wengi bado wanasaidiwa, yeye hahitaji mtu. Akaniuliza kama nimefurahi. Nikasema nimefurahi sana. Kamba zile sikuwahi kumfunga hata mara moja. Mume wangu alinikuta nje, simu imeshakatika na bado nimeishika sikioni, akaniuliza nani amekufa.